Tuta Lisilopewa Kitu

Mama mkwe wangu hawezi kuona kiumbe kinakaa na njaa. Paka wa mtaa mzima wanajua anakwangua sufuria wakati gani, na kuna mmoja mwenye jicho moja anayeingia jikoni bila hodi kama mwenye nyumba. Kunguru akitua ukutani, anarushiwa kitu. Nilikuwa namwambia, mama, siku moja hawa wageni wako watatuhamisha sisi wabaki wao. Anacheka, halafu anachukua ukoko na kuwapelekea.

Kazi yangu mimi ni matango. Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi kinachoshuka hadi kwenye mfereji, na tangu mume wangu aondoke kwenda mjini kutengeneza malori, kipande hicho ndicho kimekuwa kikinisikiliza. Matango hayana siri. Ukiyanyima maji yanakuwa machungu, ukichelewa kuyavuna yananenepa na kujaa mbegu ngumu, na ukiyalisha vibaya yanakuonyesha kwenye majani kabla hujauliza. Watu wangekuwa hivyo, ningekuwa nimelala usingizi mzuri miaka yote hii.

Mwanzo wa msimu alikuja Bwana Shamba, ndivyo tunavyomwita afisa wa kilimo wa huku kwetu, akiwa na kamba, vijiti na mfuko wa mbolea begani. Ni kijana mpole, mwenye tabia ya kuonja udongo kwa ncha ya ulimi akidhani hakuna anayemwona. Kituo chao cha utafiti kilitaka kujua ni chakula gani kinayafaa matango zaidi katika udongo kama wetu. Alikuwa amechagua bustani mbili za kufanyia jaribio: yangu, na ya mama mmoja wa ng'ambo ya mfereji, ambaye sitamsema vibaya kwa sababu sina nafasi.

Tulipima matuta manne yanayolingana, tukapanda mbegu za pakiti moja. Tuta la kwanza lilipewa samadi ya mbuzi iliyooza hadi ikapoteza harufu. La pili lilipewa mbolea ya dukani, zile chembe nyeupe ambazo watu wengi hununua kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka. La tatu lilipewa nusu ya hiki na nusu ya kile. La nne halikupewa kitu, na hilo ndilo Bwana Shamba alilolisisitiza kuliko yote. Bila tuta lenye njaa, alisema, hatutajua wenzake wameshiba kiasi gani. Nikitia hata kiganja kimoja cha samadi pale, kazi nzima imekwenda na maji.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Akauliza hilo la nne limemkosea nani. Tukacheka, Bwana Shamba akacheka zaidi, kisha akatueleza pale pale kila chakula kinafanya nini: kipi kinakuza majani, kipi kinashibisha matunda, na kwamba hata majivu ya jikoni yana kitu ambacho tango linakipenda likianza kuzaa. Mama mkwe alisikiliza kwa makini kuliko mimi.

Sasa niseme kilichonifanya nikubali, maana mimi si mtu wa kubebeshwa kamba na vijiti vya watu hivi hivi. Kituo kile kina shamba jingine pembezoni mwa mji, mji ule ule anaofanya kazi mume wangu. Walihitaji msimamizi wa matango huko. Bwana Shamba alitamka wazi kwamba kati yetu wawili, atakayelitunza jaribio bila dosari ndiye atakayepewa kazi hiyo, pamoja na chumba chenye dirisha linaloangalia barabara. Dirisha alilitaja kwa kupita tu. Mimi nililichukua nikaondoka nalo. Kabla mbegu hazijachipua nilikuwa nimeshatundika pazia, nimeweka kitanda upande wa pili wa mlango, na nimeamua kiti kikae wapi ili mume wangu akitoka kazini avue viatu vyake akiwa amekaa.

Nilimtamani mume wangu. Sioni sababu ya kuzunguka, ni mume wangu. Nilitamani kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuingia, kana kwamba nyumbani kwake ni ofisi ya mtu. Nilitamani anavyosimama katikati ya bustani akila tango na ganda lake, anatafuna kwa kelele huku akinieleza habari isiyo na kichwa wala miguu. Kitandani bado nalala upande wangu, karibu na ukuta, na ule wake nauacha umetandikwa. Zamani alikuwa anakuja kila mwisho wa mwaka. Baadaye akawa anakuja mwaka huu na kuruka unaofuata, na mwishowe ikabaki simu ya Jumapili. Kwenye simu alikuwa na haraka daima. Mtandao mbaya, alisema. Mimi nikaulaumu mtandao, nikautukana mbele za watu.

Nilipomwambia habari za kazi na chumba, alinyamaza. Nikasikia watu wakiongea mbali nyuma yake. Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza. Nikajua furaha imemkaba koo, kwa kuwa mume wangu hajui kusema mambo makubwa, nikamwambia asijali, nitampa habari kamili nikishinda.

Basi nikayalinda matuta yale kama mgonjwa mahututi. Kuku wa jirani akikatiza, kandambili inamfuata. Watoto wa shule wakajifunza kupita njia nyingine. Jirani mwenyewe aliniuliza siku moja kama nimeolewa na matango. Nikamjibu kwamba angalau haya yanalala nyumbani. Kila nilipovuna, nilipima kila tuta peke yake kwa mizani ya kuning'iniza, nikamtumia Bwana Shamba uzito kwa simu, halafu nikapakia matango kwenye tenga nikaenda nayo sokoni hadi mchana.

Tuta la mbolea ya dukani liliondoka mbio. Majani yake yakawa ya kijani kizito, mapana kama sinia, likapanda kamba zake hadi likakosa pa kushika. Tuta la samadi lilijivuta, likanitia wasiwasi, kisha likashika mwendo wake na halikuuacha tena. Lile la mchanganyiko lilipata haraka ya mmoja na subira ya mwingine, na ndilo lililotangulia kutoa maua ya kike, yale ambayo nyuma yake kuna kitango kidogo kimeshikamana tayari. Lile la dukani, pamoja na fahari yake yote, lilijaa maua ya kiume yanayofunguka asubuhi na kudondoka bila kuacha kitu. Bwana Shamba alinieleza kwamba chakula kinachokuza sana majani huchelewesha matunda. Nikamwambia namjua mtu wa namna hiyo, ana suti tatu na hana kazi.

Na tuta la nne likafa njaa kama lilivyotakiwa. Majani ya chini yakageuka manjano, mashina yakawa membamba, na matango yake ya kwanza yalitoka yamepinda, manene upande mmoja na membamba upande mwingine. Mama mkwe akipita pale aligeuza uso. Mimi nilikuwa nafurahi. Kila jani lililogeuka manjano lilinisogeza karibu na dirisha langu, na kuna asubuhi nilisimama mbele ya tuta lile lililokonda nikaimba.

Halafu likaanza kupona. Sikushtuka mara moja. Majani mapya yalitoka yakiwa na rangi, na nikadhani ni mvua. Matango yakanyooka. Uzito ukapanda, ukalikaribia tuta la dukani, na siku moja ukalipita. Bwana Shamba alipiga simu kuuliza kama nimechanganya matuta wakati wa kupima. Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mimi nimeanza kupima matango yeye akiwa bado anapimwa kliniki. Akaomba radhi, akasema labda udongo wangu una akiba ndani yake ambayo hakuitegemea. Neno hilo lilinivimbisha kichwa. Nilikwenda sokoni nikawatangazia wenzangu kwamba udongo wangu una akiba.

Msimu ulipokaribia kuisha alikuja mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya tuta la nne, akachukua chembe za udongo akazisugua kwenye vidole, akaangalia huku na huku, akaonja. Kisha akafukua taratibu kando ya shina moja. Mizizi ilikuwa imejikusanya upande mmoja tu, upande wa jikoni, na huko udongo ulikuwa mweusi na una ubaridi.

"Dada, tuta hili linakula," alisema. "Tena linakula vizuri. Hapa kuna majivu, na kuna kitu kingine."

Niliapa kwa kila kinachoapiwa. Nilimtaja jirani, nikawataja kuku wake, na nilikuwa nimefika kwa yule mama wa ng'ambo ya mfereji na hila zake, pale mama mkwe alipotoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga.

"Mwacheni mama wa watu," alisema. "Ni mimi."

Akatupeleka nyuma ya jikoni. Kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, na ndani yake samadi ya mbuzi imelowekwa siku nyingi hadi imeiva. Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kimeanikwa juu yake, kimefuliwa vizuri. Akaeleza bila kuficha kitu kwamba kila nilipokwenda sokoni alichuja, akazimua kwa maji hadi ikawa na rangi ya chai iliyokosa majani, akamwagia upande wa jikoni ambako mimi huwa sisimami. Majivu alianza kuyatia matango ya kwanza yalipotoka, kwani si Bwana Shamba mwenyewe ndiye aliyesema tango linayapenda?

"Lilikuwa linanitazama kila nikipita," alimwambia. "Lina njaa, na chakula kiko hapa hapa. Nikashindwa."

Bwana Shamba alijikaza asicheke, na nadhani hata mimi ningecheka kama jambo lile lingekuwa la mtu mwingine. Halafu akaacha kujikaza, maana hapakuwa tena na cha kuchekesha. Akanieleza polepole kwamba jaribio la kwangu haliwezi kupelekwa kituoni. Matuta matatu hayana kosa, lakini bila la nne hayana cha kulinganishwa nacho. Kazi ya mjini itakwenda kwa yule mama. Alinipa pole, akanipa tena, akang'oa vijiti vyake kimoja kimoja kwa utaratibu kama mtu anayetoka msibani, akaondoka.

Yote niliyomwambia mama mkwe siku ile siwezi kuyarudia. Nilimwambia paka wake wana akili kumzidi. Nilimwambia amenikatia njia ya kwenda kwa mume wangu kwa ndoo ya mavi ya mbuzi. Nilimwuliza kama huruma yake inaishia kwa matango na kunguru, au kuna siku itanifikia na mimi. Alisimama akayasikiliza yote, mikono ameifumbata, kisha akaingia jikoni. Angenijibu ningepata nafuu.

Haikuwa Jumapili, lakini nilimpigia mume wangu. Nilikaa chini palepale kati ya matuta, mgongo kwenye nguzo ya kamba, nikalia kwanza ndipo nikaongea. Nilimweleza tuta la nne, ndoo, majivu, chumba kilichonipita, dirisha. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Kisha akashusha pumzi. Niliisikia pumzi ile vizuri kabisa, mtandao siku hiyo haukuwa na tatizo lolote.

"Pole, mke wangu," alisema. "Basi, si kitu. Kuna msimu mwingine."

Na baada ya hapo akachangamka. Akaniuliza kuhusu bati lililokuwa linavuja. Akaniuliza kama kuku wa jirani bado ana kiburi. Akataka nimrudie habari ya ndoo tangu mwanzo, na nilipofika pale mama alipomtetea yule mama wa watu, alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kutoka tumboni, kinachomwishia kwa kukohoa. Ndicho kicheko nilichokuwa nakitamani miaka yote ile, na kilinijia siku niliyomwambia kwamba siji.

Tulipoagana nilibaki nimekaa, simu imelala mapajani. Nina hasira na nina mdomo, lakini si mjinga. Namjua mtu aliyetuliwa mzigo nikimsikia. Nikakumbuka alivyonyamaza siku ile nilipomwambia habari za chumba na yeye akaniuliza habari za mvua. Jua lilipohamia upande wa pili wa nyumba ndipo nilipoinuka kwenda jikoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo magotini, anamenya maharage mabichi. Hakuinua uso.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajaelewa. Alimaliza ganda alilokuwa nalo mkononi, kisha akanieleza yote kwa sauti yake ya kawaida. Mwanawe alimpigia kwenye simu yake siku iliyofuata ile niliyompa habari. Ana nyumba kule, ina mwanamke, na ina mtoto ambaye ameanza kuongea. Alimwomba mama yake anizuie, kwa sababu mimi namheshimu mama na nitamsikia. Mama alimjibu kwamba hatumwi ujumbe wa namna hiyo, kama ana neno na mkewe aliseme mwenyewe. Ndipo mwanawe akampa mtoto simu ili kumlainisha.

"Akaniita bibi," alisema mama mkwe. "Vizuri kabisa, hakukosea hata kidogo. Nikakata simu."

Miaka yote tumekaa katika nyumba ile, yeye akingoja mjukuu na mimi nikingoja mtoto, na hajawahi kunipiga kijembe hata kimoja kwa jambo hilo. Wakwe wa wenzangu hawakuwa hivyo. Nikamwangalia mikono yake ikivunja maganda, na hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila sikujua tena niiweke wapi.

"Wanamwita nani?" nikauliza.

"Sikuuliza. Ningelijua jina lake, ningeshinda nalitaja."

"Ungeniambia, mama. Mimi ni mtu mzima. Ungeniambia ukweli nikaujua."

"Nikikuambia, ungekaa?"

Nilitaka kusema kwamba ningekaa. Nilitaka kusema nina heshima yangu, nina matango yangu, siwezi kumfuata mtu aliyenisahau. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, yamepangwa, lakini macho yake yalikuwa yameinuka kutoka kwenye ungo na nilishindwa kumdanganya.

"Ningeenda," nikasema. "Hata ungeniambia, ningeenda."

"Najua," alisema. "Ungefika, ungebisha hodi, na mwenzio angekufungulia mlango akiwa na mtoto mgongoni. Nikawaza nikupe maneno gani yakuzuie. Sikuyapata. Nikaona bora nilishe matango."

Akasogea kidogo kwenye ukuta, akavuta kigoda cha pili kwa mguu. Nikakaa. Tukaweka ungo katikati yetu, nikachukua maharage nikaanza kumenya, kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu na hapakuwa na kingine. Nilimtamani mume wangu jioni ile kuliko siku zote zilizopita. Nilimtamani pamoja na kicheko chake na uongo wake, na kama angepiga simu wakati ule akasema njoo, ningeacha maharage chini.

Simu haikulia. Mama mkwe aliendelea kumenya, na baada ya muda nikaona midomo yake inacheza. Nikadhani anaomba dua. Nilipoinama kuchukua ganda lililoanguka ndipo nilipomsikia. Alikuwa anataja majina ya watoto chini kwa chini, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina ananyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa.